Viwanja Nilivyovipalilia

Machi 9

Daftari hili nimepewa na Mpimaji, msichana aliyepanga chumba changu cha uani tangu juzi. Ameniambia niandike tarehe, hali ya hewa, na nilichokiona bondeni. Nikamwambia sikwenda shule hata siku moja. Akasema, "Lakini Bibi, nimekuona unasoma gazeti lililofungia sabuni." Kusoma nilijifunza kwa binti yangu alipokuwa darasa la kwanza. Nilikuwa namsimamia afanye kazi zake za nyumbani, nikashika herufi kabla yake, na mpaka leo hajanisamehe. Sasa ni fundi cherehani, anashonea chumba cha mbele, na nikianza hadithi hii anakanyaga pedali kwa nguvu asinisikie.

Hali ya hewa: mawingu, mvua haijaamua.

Nilichokiona bondeni: msichana mwembamba anafunga kamba nyekundu kwenye vijiti. Viwanja kumi na viwili, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja, kuanzia juu kwenye mawe hadi chini majini. Nikamuuliza kuku wako wapi.

Machi 10

Mvua.

Machi 12

Leo nimejua anachokitafuta, na chai yangu imepoa mkononi.

Wakubwa wa mji wanataka kulifukia bonde kwa kifusi wapate maegesho ya malori. Ila sheria inasema kinamasi cha asili hakifukiwi. Kwa hiyo lazima mtu aje na fomu, aandike kama bonde letu ni kinamasi cha asili, au ni "eneo wazi lenye magugu". Mtu huyo ndiye huyu mpangaji wangu, na fomu lazima irudi mvua zikiisha.

Kisima changu kiko hatua arobaini kutoka bondeni. Nimechota maji hapo miaka ishirini na saba, kiangazi na masika, na hakijawahi kunionyesha tope. Bonde likifukiwa, kisima kinakufa. Kisima kikifa, hii si nyumba, ni kuta.

Nikamwambia, "Basi andika kinamasi cha asili, tumalize. Kalamu hii hapa."

"Siandiki tu, Bibi. Lazima nionyeshe. Mimea gani imo, mingapi, na imeota yenyewe au imepandwa."

Nikaiomba hiyo fomu niione. Ina safu nne: Mti, Kichaka, Majani, Mtambaa. Viumbe wote wa Mungu waliomo bondeni, wamepewa vyumba vinne. Hata mimi kwenye nyumba hii nina vitano.

Machi 13

Mvua asubuhi, jua mchana. Mpimaji ameteleza, amerudi na tope mpaka masikioni. Nimempashia maji ya kuoga. Hajui kutembea bondeni, anakanyaga panapong'aa.

Machi 18

Tumegombana kuhusu mkuyu.

Mkuyu wa kando ya maji amesimama kwa shina moja, mikono yangu haimzunguki. Mkuyu wa juu kwenye mawe ana mashina saba membamba na ananifika kifuani. Mpimaji akamwandika wa chini kwenye Mti, wa juu kwenye Kichaka.

Nikasema, "Mwanangu, hawa ni mtu na mdogo wake. Mmoja ameshiba, mwingine ana njaa. Vunja jani la huyu. Haya, vunja na la yule. Maziwa ni yale yale, meupe, yananata. Jani gumu vile vile, linaparuza vile vile. Utawaandika koo mbili?"

"Fomu inaangalia umbo, Bibi. Shina moja lililozidi mita tatu ni mti. Mashina mengi kutoka chini ni kichaka."

"Fomu haijawahi kupata njaa."

Akauma kalamu. Baadaye nikamwona ameandika pembeni kwa herufi ndogo: *ni mmea mmoja, udongo tofauti*. Nilimwongezea sukari kwenye chai.

Jioni alipita jirani yetu, Dereva. Ana lori la mchanga, na lori hilo halina pa kulala mtaani kwetu. Akasimama mlangoni akicheka. "Shikamoo, Bibi. Nasikia mnahesabu majani. Mkimaliza mje mhesabu nywele zangu."

"Marahaba. Hizo hata mimi nisiyesoma nitazimaliza kabla ya chai kuchemka."

Binti yangu alicheka mpaka akashona mkono wa gauni kwenye shingo.

Machi 20

Mvua. Goti.

Machi 22

Mvua. Goti lile lile.

Machi 24

Leo nilikuwa mwalimu, na mwanafunzi ni mzito.

Mpimaji alikuwa ameandika "nyasi" kiwanja kizima cha tisa. Nikamvuta mkono. "Chuma huyu. Mzungushe shina kati ya vidole. Unasikia nini?"

"Ni… lina pembe."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Sasa mzungushe huyu wa pembeni yake."

"Hili ni duara. Na lina vifundo."

"Huyo wa duara mwenye vifundo ndiye nyasi, ni ukoka. Mwenye pembe tatu ni ndago, na si nyasi hata avae nguo za nyasi. Na huyu ni ndago maji. Ndugu yake wa mashambani ni mfupi na ana chuki, huyu ni mrefu na anapenda miguu yake iwe na unyevu. Ukimwona ndago maji, chimba, maji hayako mbali."

Alikaa chini kwenye tope pale pale, akafuta kiwanja kizima kwenye karatasi, akaanza upya. Nilimpenda hapo. Watu wengi waliosoma hawafuti.

Yeye naye ana maneno yake. Mishipa ya jani ikienda pamoja bila kukutana anaiita sambamba. Mizizi ninayoiita ndevu yeye anaiita nyuzinyuzi. Na hao wote wanaokaa pamoja, ndago maji, kangaga, matete na yule mdogo wa ua la buluu, anawaita jamii ya mimea.

Nikamwambia, "Jamii ina mlevi na ina mmbea."

"Mmbea ni nani hapa?"

Nikamwonyesha kifauongo, yule anayekunja majani ukimgusa. Huyo anakaa mpakani, hataki maji wala hataki mawe, yuko katikati anasikiliza pande zote.

Mpimaji akacheka, lakini akaandika: *katikati tu, si juu wala si chini.*

Machi 29

Mpimaji amesafiri kumleta mkubwa wake aje akague. Watakuja baada ya siku nne. Amenipa maagizo mengi kuhusu chumba chake, kwamba mvua ikivuja nisogeze makaratasi. Kuhusu viwanja hakusema kitu.

Machi 31

Mvua imekatika. Nimeshuka bondeni nikavitazama vile viwanja. Aibu. Kamba nyekundu nzuri, vijiti vimesimama kama askari, na ndani vurugu tupu, majani yamelaliana, mengine yamepita juu ya kamba. Mkubwa wa mtoto wa watu anakuja kuona kazi yake, akute hali ile? Atasema huyu msichana ni mvivu, na mama mwenye nyumba wake ni mvivu zaidi.

Aprili 1

Nimepalilia. Tangu alfajiri mpaka adhuhuri, kwa kijembe changu kidogo, nikianzia juu. Sikutumwa na mtu. Kila kiwanja nimeacha mmea mmoja au miwili, ile yenye sura nzuri, nikaisafishia miguuni. Magugu nimeyakung'uta udongo na kuyapanga kando ya kiwanja chake, fungu kwa fungu, kama ninavyofanya siku zote, maana nayatumia kufunikia matuta ya vitunguu yakishakauka. Nimemaliza viwanja tisa. Mgongo umekataa, vitatu vya majini nimeviacha.

Vinapendeza. Ukisimama juu unaona miraba tisa ya udongo mweusi, safi, unaweza kutandika meza.

Aprili 2

Naandika mchana huu kwa sababu hakuna mtu wa kuzungumza naye ndani ya nyumba hii.

Walifika saa nne. Mkubwa wake ni mwanamume wa makamo mwenye buti safi, mwenye heshima, alinisalimia kwa mikono miwili. Nikawatangulia bondeni mimi mwenyewe, kama bibi harusi.

Mpimaji alifika kwenye kiwanja cha kwanza akasimama. Akaenda cha pili. Halafu akaenda vyote tisa akikimbia, akateleza, akainuka. Akarudi mpaka mbele yangu.

"Nani kafanya hivi?"

Nikasema, "Mimi. Ili mkubwa wako akukute nadhifu."

Alimgeukia Bwana Buti, akaanza kusema haraka haraka kwamba hesabu ya mwisho ilikuwa bado, kwamba alikuwa anasubiri maua yafunguke ili ayatambue vizuri, kwamba juma zima lililobaki lilikuwa la viwanja hivi.

Bwana Buti alichutama, akagusa udongo. Hakuwa na ukali. Ingekuwa nafuu angekuwa na ukali. Akasema, "Hapa panalimwa."

"Hapalimwi," nikasema. "Nimepalilia tu."

"Mama yangu, panapopaliliwa ni shamba. Nikiandika asili, mtu yeyote akija na kuona hivi ataniuliza nimelewa." Akatazama pale ilipo bustani yangu ya vitunguu, katikati ya mteremko. "Na ile je?"

"Ile ni yangu. Ile kweli inalimwa."

Akatikisa kichwa kwa Mpimaji. "Nitarudi mara moja tu kabla sijafunga faili. Tarehe sita mwezi ujao. Nikikuta shamba, nitaandika eneo wazi lenye magugu. Na hapa sioni hata hayo magugu."

Alipoondoka, Mpimaji akasimama mbele yangu uani. Alisema polepole, neno moja moja. "Bibi, kwa nini hukuniuliza?"

Nikasema mtu hamuulizi mgeni kama afagie uwanja.

"Huo haukuwa uwanja wako."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Binti yangu alitoka na sindano mdomoni, akaitoa, akasema, "Mama, umekiua kisima chako kwa kijembe chako mwenyewe."

Nimepalilia maisha yangu yote. Wanaume wamenisifia palizi langu, mume wangu marehemu aliniona nikipalilia ndipo akamtuma mshenga. Leo nimekitazama kile kijembe nikataka kukitupa kisimani, ila kisima nakihitaji.

Aprili 3

Jua. Hatusemi.

Aprili 4

Jua. Hatusemi. Nimemwekea chakula mlangoni, amekula, amerudisha sahani imeoshwa. Sahani iliyooshwa na mtu mwenye hasira inalia ukiigusa.

Aprili 5

Nimechoka kunyamaza, sikuumbwa hivyo. Nimegonga mlango wake nikasema, "Lete fomu yako twende."

"Twende wapi, Bibi? Hakuna kitu."

"Mafungu yapo."

Nikamshika mkono kama mtoto. Kila fungu nililolipanga liko kando ya kiwanja chake, hakuna nililochanganya. Yamesinyaa, lakini mizizi ipo, mashina yapo. Tukakaa chini. Mimi nachambua, yeye anaandika. Kiwanja cha kwanza: ukoka kumi na nne, mbigili watatu, mkuyu mchanga mmoja, Mungu anisamehe. Kiwanja cha tano: kifauongo kumi na mmoja, ndago maji wawili. Cha nane: ndago maji arobaini na mmoja, kangaga tisa, wa buluu ishirini. Mashina yamekauka lakini pembe tatu hazifi, unazisikia kwenye vidole.

Tulimaliza jua likiwa utosini. Akasema, "Hii inanisaidia mimi. Bwana Buti haitamsaidia. Yeye ataangalia ardhi."

"Basi ardhi na iangaliwe," nikasema. "Unamjua ndago? Miaka ishirini na saba namng'oa kwenye vitunguu vyangu. Ukimvuta, kile kijikokwa chake kinakatikia chini, kinabaki kinakucheka. Baada ya siku kumi yuko mlangoni. Sijawahi kumwombea heri. Leo nitamwombea."

Mpimaji akauliza, "Kwa hiyo tunafanya nini?"

"Wewe huna la kufanya. Mimi ndiye mwenye kazi, na ni kazi mbaya. Nisiguse."

Aprili 9

Mvua ndogo. Sijagusa.

Aprili 12

Mvua. Kuna mbigili kiwanja cha pili. Nimeweka mikono kwapani nikarudi nyumbani.

Aprili 13

Binti yangu amekificha kijembe. Nimemtukana, halafu nimemshukuru.

Aprili 16

Jua kali siku ya tatu. Udongo wa viwanja unapasuka. Vitatu vya majini vinanawiri, tisa ni vipara. Kila asubuhi Mpimaji anashuka, anapiga magoti, anarudi na magoti meusi. Dereva ananisalimia kwa upole siku hizi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko kejeli zake. Mtu akikuhurumia ujue ameshakuzika.

Leo nimemuuliza wazi, "Unataka hayo maegesho, si ndiyo?"

Akakuna shingo. "Bibi, nalala ndani ya lori kituoni siku tano kwa wiki, nalilinda. Wanangu wananiona Jumapili. Nataka, ndiyo."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikayameza. Nikamuuliza, "Na maji mkeo anachota wapi?"

"Kwako," akasema. Tukabaki tunatazamana kama wajinga wawili.

Aprili 19

Mvua usiku kucha mpaka asubuhi. Asante.

Aprili 21

Amerudi.

Kiwanja cha nane, ncha ya kijani, nyembamba kama uzi wa binti yangu. Mpimaji aliita kutoka bondeni mpaka sauti ikapasuka. Nikashuka na goti langu bovu. Tulilala kifudifudi kwenye tope, mimi mtu mzima na yeye mtoto wa shule kubwa, tunamtazama ndago. Nimewahi kuwapokea wajukuu wanne, na sikuwahi kuchunguza kichwa hivi.

Aprili 27

Wanakuja kwa zamu. Ndago maji kwanza. Kangaga pili, wamejikunja kama ngumi za kichanga. Wa buluu watatu. Juu kwenye mawe hajatia mguu hata mmoja wa hao, juu ni ukoka na mbigili. Na katikati, katikati tu, mmbea wetu kifauongo.

Mpimaji anasema nimemfanyia jaribio ambalo asingethubutu kulifanya. Wamerudi wenyewe, kila mtu nyumbani kwake, na majirani wale wale. Nikamwambia asinisifie, bado nina hasira na mimi.

Mei 6

Bwana Buti amekuja. Buti zile zile, safi, sijui anatembeaje.

Alipita kiwanja kimoja kimoja na karatasi za Mpimaji mkononi, za mafungu na za sasa, akilinganisha. Kwenye kiwanja cha nane aliniuliza mimi, "Nani kapanda hivi?"

"Hakuna aliyepanda. Mimi niliwafukuza, wakarudi."

Akazungusha shina kati ya vidole. Nikajua huyu anaijua kazi yake. Akasema, "Ni kinamasi. Ni cha asili. Sina shaka."

Mpimaji alianza kulia, nami nikaanza kumpigapiga mgongo, na hapo Bwana Buti akasema lile lililobaki. Anachora mstari mmoja kuzunguka eneo. Sehemu ya juu na sehemu ya chini, kila moja peke yake, ni ndogo kuliko kipimo cha sheria. Zikiungana zinatosha. Na kinachozitenganisha ni bustani yangu ya vitunguu.

"Ikiachwa," akasema, "mstari unapita. Ikiendelea kulimwa, siwezi. Naomba jibu, mama, ili nisiandike uongo."

Bustani ile aliifungua mume wangu mwaka tuliohamia. Alitoa mawe kwa mikono, yale mawe ndiyo kizingiti cha mlango wangu. Nimekula humo, nimesomesha humo, nimemlilia humo nikiwa nimeinama ili watu wadhani napalilia.

Mpimaji akasema, "Bibi, si lazima ujibu leo."

Nikasema, "Nyamaza, mwanangu. Leo ndiyo siku aliyo na kalamu." Nikamwambia Bwana Buti achore.

Nilikuwa na hasira. Bado ninayo. Nina hasira na fomu yenye vyumba vinne, na kipimo cha sheria, na kijembe, na vitunguu kwa kunoga kwake.

Mei 8

Vitunguu nimeving'oa vyote, vikubwa na vichanga. Nusu nimempelekea mke wa Dereva.

Mei 12

Mpimaji ameondoka na fomu. Aliniachia kalamu mbili na kamba nyekundu iliyobaki. Nilimfokea kwa sababu hakufunga sweta vizuri. Alinikumbatia mpaka mbavu zikaita. Chumba cha uani kina harufu ya karatasi.

Mei 19

Barua imefika, binti yangu ameisoma kwa sauti mara mbili. Kinamasi cha asili. Hakifukiwi. Dereva alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Hongera, Bibi," na alimaanisha, na akaenda kulala kituoni. Sina cha kufurahia kikamilifu.

Mei 23

Mvua zimekwisha. Kisima kimejaa, naona uso wangu bila kuinama sana.

Nimeshuka bustanini asubuhi kwa mazoea. Matuta bado yana umbo lake. Kwenye tuta la tatu, pale mume wangu alipoanzia, ametokea mmoja, kijani, kimo cha kidole. Mkono ulimwendea wenyewe, miaka ishirini na saba ilikuwa ndani ya mkono ule. Ulimshika shingoni.

Nikamzungusha tu kati ya vidole. Pembe tatu.

Nikamwachia. Nimekuja kumwandika.